Telefone inasema "Bravo!", lakini mtoto amejifunza nini?

Juma hili tunaanza kwa kukubali kosa letu wenyewe.

Mwaka jana mama mmoja wa kikundi chetu, anayeuza makala sokoni, alipata zamu yake ya likelemba. Kiisha mkutano alitungojea mlangoni, akatuuliza: "Madame, kijana wangu yuko wa tatu primari, na hesabu za kutoa zinamshinda. Nasikia kuna tablete zenye michezo ya masomo. Ninunue?" Tulimjibu upesi, sawa watu wanaojua: "Nunua, mama. Watoto wa leo wanajifunza kwa njia hiyo." Hatukuuliza tablete gani, mchezo gani, wala nani atakaa karibu na mtoto.

Mama alienda mjini. Muuzaji akamwonyesha sanduku lenye picha ya mtoto aliyevaa kofia ya diploma, akamwambia kwamba ndani kuna michezo 200, yote ya masomo. Akalipa dolari 85. Wenye kuuza makala wanajua dolari 85 ni mifuko mingapi, na ni asubuhi ngapi za kuamka mbele ya jua.

Kiisha miezi miwili mtoto alikuwa na nyota nyingi ndani ya tablete. Kila jioni mashine ilipiga makofi na kusema "Bravo!" Lakini siku buletini ilipotoka, pointi za hesabu zilikuwa zimeshuka. Mama alikuja masomoni na tablete chini ya kitenge. Hakukasirika. Alituuliza tu: "Hii bravo ni ya nini?"

Tulimwomba mtoto acheze mbele yetu. Kwenye kioo ilitokea 14 kutoa 6, na chini yake majibu manne. Mtoto hakuangalia hesabu. Alibonyeza la kwanza: jekundu. La pili: jekundu. La tatu: jani, makofi, nyota, bravo. Muda wote haukufika nusu dakika. Mchezo haukumwomba ahesabu. Ulimwomba abahatishe, na yeye alikuwa amejifunza kubahatisha vizuri sana.

Toka siku ile tumejiwekea sharti: hatumwambii tena mama yeyote "nunua" mbele ya sisi wenyewe kukaa chini na kucheza mchezo ule. Na tumeandika hapa mambo tuliyojifunza, kusudi makuta ya mwingine yasipotee sawa yale.

Jaribio kubwa lililofanywa kwa Kiswahili

Kuna wamama watasema: basi michezo hii yote ni uongo. Hapana. Hebu tutoke Lubumbashi kidogo, twende Tanzania, katika mkoa wa Tanga, karibu na bahari. Kule, toka mwisho wa mwaka 2017, watoto karibu 3,000 wa vijiji karibu 170 walipewa tablete. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga masomo. Ilikuwa mashindano yaliyoitwa Global Learning XPRIZE: makundi matano kutoka inchi mbalimbali yalitengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu. Serikali ya Tanzania, UNESCO na PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walisaidia kazi hiyo. Vijijini waliweka mitambo ya jua ya kuchajia tablete.

Jaribio liliendelea miezi 15. Mwezi wa tano 2019 washindi walitangazwa, na walikuwa wawili waliolingana: Kitkit School na onebillion. Kila mmoja alipata dolari milioni 5. Programu zote za mashindano ziliachwa wazi, kusudi kila mwenye ujuzi aweze kuzitwaa na kuzitumia bure.

Sasa tusikilize matokeo. Mbele ya jaribio, watoto zaidi ya 90 kwa 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Kiisha miezi 15, hesabu ya hao ilipunguka kwa nusu.

Hapa kuna habari mbili, na tunaomba mzichukue zote mbili. Ya kwanza: ndiyo, mchezo mzuri unaweza kumfundisha mtoto kusoma, hata mahali pasipo na mwalimu. Ya pili: hata na michezo iliyotengenezwa na watu wenye ujuzi mkubwa, karibu nusu ya watoto walibaki bila kusoma. Kama ile iliyoshindaniwa kwa mamilioni haikuweza kuchukua nafasi ya mtu, basi ile ya dolari 85 tusiitumikishe kazi ya mwalimu, wala kazi ya mama.

Na kuna jambo moja la Tanga ambalo sisi wa Lubumbashi tusilipite. Wale watoto walifundishwa kwa lugha wanayoisikia. Mashine ilipowaambia "gusa nyumba", walijua nyumba ni nini. Mtoto wetu wa Kenya, wa Katuba ao wa Kamalondo, anayeongea Kiswahili toka asubuhi hadi usiku, anapewa mchezo wa Kiingereza, mara nyingine wa Kichina. Anabonyeza picha bila kusikia neno. Huko si kujifunza lugha. Ni kujifunza kubonyeza.

Maswali sita mbele ya kutoa makuta

La kwanza: je, mtoto anaweza kushinda bila kujua? Cheza wewe mwenyewe dakika kumi, na ubonyeze vibaya kwa kusudi. Kama mchezo unakuacha ujaribu majibu yote mpaka upate nyota, uache. Mchezo mzuri unamwomba mtoto aandike jibu mwenyewe, ao avute vitu na kuvihesabu. Na akikosa, unamrudisha nyuma kidogo, kwa hesabu nyepesi, mbele ya kuendelea.

La pili: unaongea lugha gani? Kwa mtoto mdogo wa miaka mitatu hadi sita, tafuta Kiswahili, ao mchezo usio na maneno mengi. Kwa mwanafunzi wa primari, Kifaransa kinafaa, kwa sababu ndicho atakachokuta kwenye mtihani. Lakini kiwe na sauti inayosoma maneno, isiwe maandishi matupu.

La tatu: unafaa miaka mingapi? Karibu na jina la mchezo mara nyingi kuna namba: 3, 7, 12, 16 ao 18. Namba hiyo haisemi kwamba mchezo ni mgumu ao mwepesi. Inasema mtoto wa chini ya miaka hiyo asiuone, juu ya mapigano, matusi ao mambo ya wakubwa. Mchezo wa mpira wa FIFA uko na 3. Grand Theft Auto, ule wa kuiba magari na kupiga watu risasi, uko na 18. Na bado, katika nyumba za PlayStation za mitaa yetu, tumeona watoto wa miaka tisa wakiucheza kwa franka walizopewa za kununulia mkate.

La ine: je, unafanya kazi bila intaneti? Jaribio ni jepesi. Kiisha kuuingiza katika telefone, weka telefone katika hali ya ndege, kisha ufungue mchezo. Ukikubali kufunguka, hautakula mega zako, na matangazo mengi hayatatokea. Ukikataa, ujue kila jioni ya mtoto ni mega za mama.

La tano: unaomba nini? Kuna michezo ya bure ambayo, mtoto akiisha kuizoea, inamfungia mlango na kumwambia alipe. Kuna mingine inayoonyesha matangazo ya michezo ya kubahatisha, ile inayokula makuta ya vijana wetu wakubwa. Na namba ya siri ya mobile money isijulikane na mtoto hata siku moja, hata kama ni mtoto mwenye adabu kuliko wote.

La sita, na ndilo kubwa kuliko yote: telefone ikizimwa, mtoto anaweza kufanya nini? Mpe chaki, aandike chini ya sima ile hesabu aliyoshinda kwenye kioo. Mpe gazeti hili, atafute herufi aliyopigiwa makofi. Akiweza, mchezo ni wa masomo, hata kama sanduku halisemi hivyo. Asipoweza, ni mchezo wa kupitisha saa, hata kama sanduku lina kofia ya diploma.

Michezo tunayoweza kuitaja

Wamama wengi wanatuomba majina. Tunataja tu ile tuliyoikalia wenyewe, na yote ni ya bure.

GCompris. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa, na leo watu wengi wa inchi mbalimbali wanaiendeleza bila kuuza kitu. Ndani yake kuna kazi zaidi ya mia moja kwa watoto wa miaka miwili hadi kumi: herufi, kuhesabu, kusoma saa, kupanga picha, kukumbuka, hata mchezo wa shaki. Inaongea Kifaransa. Inaingia katika kompyuta na katika telefone za Android, na haina matangazo. Mara ya kwanza inaomba intaneti kwa kuchukua sauti, basi fanya hivyo mahali penye intaneti ya bure, kazini ao kwa ndugu, kiisha unakaa bila mega. Pale penye kazi za makuta utaona noti za Ulaya. Zima mashine kidogo, toa noti za franka, rudia ile hesabu na mtoto mezani.

TuxMath. Hii ni ya kompyuta. Hesabu zinaanguka kutoka mbinguni sawa mawe, na mtoto anazizuia kwa kuandika jibu. Hapa hakuna majibu manne ya kubahatisha: asipojua, jiwe linaanguka. Inafaa sana kwa tabo la kuzidisha, na inakubali hata kompyuta ya zamani.

Scratch. Ilitoka mwaka 2007 katika chuo cha MIT, kule Marekani, kwa watoto wa miaka minane kuendelea. Hapa mtoto hachezi mchezo wa mwingine. Anapanga vipande vya amri, sawa matofali, na kutengeneza mchezo wake mwenyewe ao hadithi yake. Unaweza kuiweka kwa Kiswahili, na kuna ile ya kompyuta inayofanya kazi bila intaneti. Tumeona msichana wa la sita, ambaye darasani haongei, akitengeneza mbuzi anayekimbia mvua. Kusudi mbuzi afike nyumbani, alihesabu hatua zake mara nne.

Kwa wadogo kabisa kuna pia katuni za Akili and Me, zilizotengenezwa Dar es Salaam. Si mchezo, ni za kuangalia, lakini ziko kwa Kiswahili na zinafundisha kuhesabu na herufi kwa nyimbo. Na kwa wasio na mashine yoyote, msisahau kisolo. Wababu walichimba mashimo chini, wakagawanya mbegu moja moja, na bila kalamu walijua nani atabaki na ngapi. Mtoto anayecheza kisolo anajumlisha, anatoa na anafikiri mbele, na delestaji haimsumbui.

Saa, zamu na kazi za nyumba

Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo. Wa miaka miwili hadi mine isipite saa moja kwa siku, na ikiwa kidogo ni bora zaidi. Kwa wanafunzi wa primari, sisi nyumbani tumechagua dakika thelathini siku za masomo, kiisha devwari, si mbele yake. Umeme ukirudi usiku wa manane, telefone ichajiwe, mtoto alale. Tunawajua watoto wanaosinzia darasani siku inayofuata usiku wa umeme.

Jambo lingine tunalisema kati yetu wanawake. Katika parsele nyingi telefone ni moja, watoto ni watano. Jioni, msichana anaosha masahani na kupika bukari, kijana mwanaume anashika telefone. Akimaliza msichana, betri imekwisha. Kiisha tunashangaa kwa nini kijana anaelewa mashine na dada yake anaogopa. Andika zamu kwenye karatasi, ubandike ukutani, na zamu za masahani ziandikwe kwenye karatasi ileile.

Juu ya makuta, tuseme ukweli. Kama nyumba iko na telefone moja ya Android, usinunue tablete ya mtoto. Telefone ile inatosha. Kama kikundi kinataka kufanya kitu, kompyuta moja ya okazyo, iliyokaguliwa na mtu anayejua, ikiwekwa nyumbani kwa mama mmoja kila posho, itasaidia watoto kumi na tano kuliko tablete kumi na tano za sanduku zuri. Na kama mtoto hana kaye wala taa ya kusomea, makuta ya kwanza yaende kule.

"Mimi sikusoma sana"

Tulipomaliza kumweleza mama wa makala mambo haya yote, alikaa kimya, kiisha akasema jambo ambalo wamama wengi wanaliweka moyoni: "Madame, mimi nilifika wa nne primari. Kifaransa cha mashine sikisikii. Nitamfuata mtoto namna gani?"

Swali hilo lilitufundisha kuliko vitabu vya ualimu. Kwa sababu kumfuata mtoto hakuombi Kifaransa. Kunaomba maneno mawili: "Nionyeshe ulivyofanya." Mtoto akishinda, usiseme bravo, mashine imekwisha kusema. Sema: "Nionyeshe ulivyofanya." Kama anajua, atakueleza kwa Kiswahili, na katika kueleza atajua mara mbili. Kama alibahatisha, atakosa maneno, na wewe utaona, hata kama hujui jibu.

Posho moja tulikaa naye pale anapouzia. Tulifuta karibu michezo yote 200, tukaingiza GCompris. Kiisha tuliweka tablete pembeni, tukaanza na maharagwe: kumi na ine, toa sita. Mtoto aliyahesabu polepole, akirudia, akinung'unika. Zikabaki nane. Hakuna aliyepiga makofi. Mama akasema tu: "Nionyeshe ulivyofanya." Akamwonyesha.

Hatuwezi kuwaambia kwamba leo kijana ni wa kwanza darasani. Si wa kwanza. Lakini buletini iliyofuata pointi za hesabu zilipanda, na juma lililopita tulipopita kununua makala, yeye ndiye aliyeturudishia franka zetu. Alizihesabu kwa sauti, noti kwa noti, mama yake akimwangalia mikono. Zilikuwa sawasawa.

Posho ijayo, kiisha mkutano, tutabaki na wamama wanaotaka. Kila mmoja alete telefone yake na mchezo mmoja ambao mtoto wake anaupenda. Tutaucheza pamoja, tutabonyeza vibaya kwa kusudi, na tutaona kama nao utatuambia bravo.